Mbona ramani ya saratani ya mapafu inaiacha Tanga nyeupe?

Swali: Shikamoo dokta. Mimi ni mkazi wa Pongwe, Tanga, fundi pikipiki. Juzi tumemzika baba mkubwa, miaka 61. Muhimbili walisema ni saratani ya mapafu. Hakuwa mvutaji wa kusema, ni zile sigara mbili tatu za jioni barazani. Mtaani kwetu yeye ni wa tatu kufa kwa saratani ndani ya miaka michache, na watu wote macho yapo kwenye vumbi la kiwanda cha saruji na machimbo. Sasa mpwa wangu kanionyesha kwenye simu ramani ya dunia ya vifo vya saratani ya mapafu: Ulaya nyekundu, China nyekundu, Marekani nyekundu, sisi nyeupe pee. Wazee nao wanasema zamani ugonjwa huu haukuwepo. Ramani inasema hatunao, mtaa unasema tunao, wazee wanasema ni mpya. Nimwamini nani? Na je, nihame?

Jibu: Marahaba kijana wangu, na makiwa. Mungu amrehemu baba mkubwa.

Kuhama, hapana. Sababu utaiona mbele. Kuhusu nani wa kumwamini, kila mmoja kati ya hao watatu ameshika kipande cha ukweli, na ramani ndiyo inayohitaji kusomwa kwa tahadhari zaidi maana ndiyo inayoonekana ya kitaalamu. Rangi unayoiona pale imechanganya mambo matatu ndani ya kopo moja: watu wa nchi hiyo walivuta hewa gani na moshi gani miaka 20, 30, 40 iliyopita, wangapi kati yao wamefikia uzee, na walipokufa, nani aliandika kilichowaua. Anayetazama rangi tu hawezi kuyatenganisha.

Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalotugusa zaidi Tanga na ndilo watu wanaosambaza ramani hizi hawalisemi.

Fomu ya daktari ya kuthibitisha sababu ya kifo imefuata mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, na karibu dunia nzima ni ile ile. Ina mistari. Mstari wa juu, (a), unaandikwa kile kilichomuua mtu pale pale mwishoni. Chini yake kuna (b), (c) na (d), kila mmoja ukieleza kilicholeta hicho cha juu yake. Mtakwimu hachukui mstari wa juu. Anashuka hadi chini kabisa kutafuta ugonjwa ulioanzisha msururu wote. Kwa baba mkubwa wako, fomu iliyojazwa vizuri ingesomeka: (a) kushindwa kupumua, (b) nimonia, (c) saratani ya pafu la upande fulani. Hapo amehesabiwa.

Sasa chukua mzee mwingine aliyefia wodini saa nane usiku. Daktari wa zamu hamjui, faili limekwama ofisini, ndugu wako mlangoni wanataka mwili wakazike kabla ya adhuhuri. Daktari anaandika (a) kushindwa kupumua, anasaini, anaitwa kitanda kingine. Mistari ya chini imebaki mitupu. Kwenye takwimu za nchi, saratani ya mzee huyo haipo na haitakuwepo. Na huyo ana bahati, alifika hospitali. Mzee anayefia nyumbani huko Mkinga au Pangani anaoshwa, anasaliwa, anazikwa siku ile ile kama dini inavyotaka, na ukiuliza alikuwa anaumwa nini utajibiwa alikuwa anasumbuliwa na kifua. Silaumu mtu. Naeleza tu weupe wa ramani unatoka wapi, sehemu yake.

Tena kabla ya kuandikwa, ugonjwa lazima uonekane. Kikohozi cha wiki na wiki, kukonda, homa za jioni, damu kwenye makohozi: hapa kwetu akili ya kila mhudumu, yangu nikiwemo, inakwenda kwanza kwenye kifua kikuu. Haiendi kimakosa, maana Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Lakini saratani ya mapafu huja na dalili hizo hizo, na kwenye eksirei kivimbe chake kinaweza kufanana kabisa na kovu au pango la TB. Kuthibitisha saratani kunataka kipimo cha CT, ile mashine inayopiga picha za kina za ndani ya mwili, kisha mtu aingize kifaa mapafuni au sindano kifuani atoe kinyama, kisha mtaalamu wa patholojia akitazame kwenye darubini. Kila hatua ni nauli, ni foleni, ni siku za kazi zilizopotea. Wengi wanaishia hatua ya kwanza au ya pili.

Kwa hiyo zile namba za nchi kama yetu kwenye ramani ya dunia ni makadirio. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, huchukua madaftari ya kuandikisha wagonjwa wa saratani yaliyopo, kama lile la Kilimanjaro, pamoja na ya nchi jirani, halafu wanakokotoa nchi nzima. Ni kazi ya heshima na mimi naitumia. Lakini hakuna mtu aliyepita Pongwe na kalamu. Ramani ya Marekani imejengwa juu ya vyeti vya vifo, kimoja kimoja, miaka mingi. Ya kwetu imejengwa juu ya hesabu ya kukisia kutoka sehemu chache. Zimepakwa rangi zile zile, na mtazamaji anadhani zina uzito ule ule.

Baada ya hapo tuje kwenye umri. Saratani ya mapafu ni ugonjwa wa watu wazima sana. Marekani nusu ya wagonjwa hugundulika wakiwa na miaka 70 au zaidi. Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kila mwaka ugonjwa unaua mtu mmoja kati ya kila 1,000 wenye miaka 65 na kuendelea, na tuseme hatari hiyo ni ile ile Hungary na Tanzania. Mji wa watu 100,000 Hungary una wazee wapatao 20,000, kwa hiyo watakufa 20. Mji wa watu 100,000 hapa kwetu, ambako zaidi ya watu 40 kati ya 100 ni watoto chini ya miaka 15, una wazee wapatao 4,000, kwa hiyo watakufa 4. Hatari ni moja, vifo vimepishana mara tano. Ndiyo maana ramani makini hazitumii idadi ghafi. Zinasawazisha umri kwanza, yaani zinauliza: kama nchi zote zingekuwa na mchanganyiko mmoja wa watoto na wazee, vifo vingekuwa vingapi kwa kila watu 100,000? Mwambie mpwa wako atazame maandishi madogo chini ya ramani yake. Kama hayasemi kwamba umri umesawazishwa, aifute.

Ila usikimbilie kusema basi yote ni udanganyifu wa namba. Hata umri ukisawazishwa, na hata ukiongeza wale wasioandikwa, Afrika ya kusini mwa Sahara bado inabaki chini sana ukiacha maeneo machache, hasa ya kusini kabisa mwa bara. Weupe wetu kwa sehemu kubwa ni wa kweli. Na sababu yake ni sigara, au tuseme historia ya sigara, na hapa ndipo wazee wako wanapoingia.

Wazee wanasema zamani ugonjwa huu haukuwepo. Hata huko ulikotapakaa leo, zamani haukuwepo. Mwaka 1912 daktari mmoja wa New York, Isaac Adler, alikusanya kila kisa cha saratani ya mapafu alichoweza kukipata kwenye maandishi ya kitabibu ya dunia, na hakufikisha hata visa 400. Aliandika kitabu kizima akaomba radhi kidogo kwa kuandika juu ya ugonjwa adimu namna hiyo. Leo ndio unaoongoza kwa kuua kati ya saratani zote: mwaka 2022 ulikadiriwa kuua watu takriban milioni 1.8, karibu mmoja kati ya kila watano waliokufa kwa saratani duniani.

Kilichotokea katikati ni mashine. Mpaka mwisho wa karne ya 19 sigara ilisokotwa kwa mkono, moja moja, na ilikuwa ghali. Mmarekani James Bonsack akaunda mashine ya kusokota miaka ya 1880, bei ikaanguka, kisha vita kuu mbili zikagawa sigara kwa askari kama posho. Vifo havikufuata mwaka ule ule. Vilisubiri. Marekani, uvutaji ulifika kilele mwaka 1963, zaidi ya sigara 4,000 kwa kila mtu mzima kwa mwaka. Januari 1964 mganga mkuu wao, Luther Terry, akatoa ripoti kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu kwa wanaume, na uvutaji ukaanza kushuka. Vifo vya wanaume vikaendelea kupanda miaka mingine zaidi ya 25, vikafika kilele kuelekea 1990, ndipo vikageuka. Tangu hapo vimeshuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake walianza kuvuta kwa wingi nyuma ya wanaume, basi na vifo vyao vikapanda nyuma: mwaka 1987 saratani ya mapafu iliipita ya matiti kwa kuua wanawake wa Marekani, na kushuka kwao kumekuja baadaye na taratibu. Uingereza wanaume walifika kilele mapema kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hata ndani ya nchi moja ramani hufuata sigara. Kentucky, jimbo la wakulima wa tumbaku, vifo vyake ni zaidi ya mara mbili ya Utah, ambako Wamormoni ni wengi na dini yao imekataza tumbaku.

Kama unataka mfano ulio safi zaidi wa kuchelewa huku, achana na sigara twende Chile. Mji wa Antofagasta upo jangwani, kando ya bahari. Mwaka 1958 walianza kuletewa maji ya mito ya milimani, maji yenye sumu ya aseniki nyingi kupindukia, bila wao kujua. Walikunywa hivyo mpaka karibu 1970, mtambo wa kusafisha ulipojengwa. Tatizo limekwisha, si ndiyo? Vifo vya saratani ya mapafu vilianza kupanda kama miaka 10 baada ya maji yale kufika, na vikaendelea kupanda mpaka miaka ya 1990 mwanzoni, wanaume wakifa zaidi ya mara tatu ya kawaida. Mtu aliyetazama ramani ya 1992 akaenda kupima maji ya Antofagasta mwaka huo angeyakuta salama, akarudi akisema maji hayahusiki.

Shika hilo unapotazama kiwanda. Vumbi unaloliona leo kwenye majani ya mwembe si ushahidi wa kilichomuua mtu mwaka huu. Kama ni kazi au hewa iliyomponza, ni ile ya miaka ya themanini na tisini.

Sasa kiwanda chenyewe. Najua utakachosikia nikisema hivi, utasema dokta kanunuliwa, lakini nakwambia ninachokijua: saruji kama saruji haimo kwenye Kundi la 1 la vitu ambavyo shirika lile la Lyon limethibitisha kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Vumbi lake linakera macho, linachubua ngozi, linaleta kikohozi na kifua kubana, na mwenye pumu anateseka nalo kweli. Hayo yanatosha kabisa kudai vumbi lipunguzwe. Huhitaji saratani ndipo uwe na haki ya kulalamika. Kilichomo kwenye Kundi la 1 ni silika, ile chembechembe ndogo mno ya mchanga na mawe magumu inayoruka wakati wa kuchoronga, kulipua na kusaga. Anayesimama kwenye mashine ya kusaga kokoto miaka 20 bila barakoa ya maana ana hatari halisi. Jirani anayeishi kilomita mbili na vumbi linamfikia kwa upepo, hatari yake ni ndogo mno ukilinganisha.

Na kuna kitu kingine ambacho sijasikia mtu wa Tanga akikitaja hata mara moja: asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yanayozuia moto na joto. Mwaka 1975 Wamarekani walichapisha atlasi ya vifo vya saratani kwa kila wilaya, vifo vya 1950 hadi 1969. Watafiti wakaona kitu cha ajabu: wanaume wa pwani ya kusini mashariki, Georgia na jirani zake, walikuwa wanakufa kwa saratani ya mapafu kuliko wenzao wa bara. Watu walikuwa na dhana zao, viwanda vya karatasi na kadhalika. Wakaenda nyumba kwa nyumba, wagonjwa na wasio wagonjwa, wakauliza kila mmoja kazi zake zote tangu ujana. Mwaka 1978 jibu likatoka: karakana za meli za wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wanaume walifanya kazi pale miaka michache tu, wakizungushia mabomba na boila nguo za asbesto, vita vikaisha, wakarudi mashambani, na yale mapafu yakasubiri zaidi ya miaka 20.

Kwa nini nakupeleka Georgia? Kwa sababu Tanga ni mji wa bandari na reli, na karakana za reli na meli popote duniani zilitumia asbesto kwenye boila na breki. Yapo pia mapaa ya kijivu ya asbesto kwenye majengo ya zamani. Paa lililotulia halina neno kubwa. Hatari ni fundi anayelikata kwa msumeno au kulivunja kwa nyundo na kupumua ile vumbi. Kama baba mkubwa alipitia kazi za namna hiyo, hilo lina uzito kuliko kiwanda cha saruji alichokuwa anakiona kwa mbali.

Tuingie jikoni, maana nako kuna ramani. Wilaya ya Xuanwei, mkoa wa Yunnan nchini China, kwa miaka mingi wanawake wake walikuwa wanakufa kwa saratani ya mapafu kuliko karibu wanawake wote wa nchi hiyo, na karibu hakuna aliyevuta sigara. Walipikia makaa ya mawe yenye moshi mzito, ndani ya nyumba, kwenye shimo la moto lisilo na dohani. Kuanzia miaka ya 1970 majiko yenye dohani yakaanza kujengwa, na waliobadilisha majiko, baada ya miaka kumi na zaidi, hatari yao ilipungua karibu nusu. Mimi huo ndio utafiti ninaoupenda kuliko wote katika fani hii. Bomba la kutoa moshi nje liliokoa watu wengi kuliko dawa nyingi.

Lakini angalia, makaa ya mawe si mkaa wetu wa magunia wala si kuni. Moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba umethibitishwa, Kundi la 1. Moshi wa kuni na wenzake upo Kundi la 2A, maana yake ushahidi unaelekea huko lakini haujatimia. Mama anayepuliza makumbi na vifuu vya nazi kwenye mafiga, jiko la makuti, moshi umetanda mpaka unamwaga machozi, anajiweka kwenye hatari ya ugonjwa sugu wa mapafu bila shaka yoyote, na ya saratani huenda. Kwa hivyo ninaposikia serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwisho wake, mimi nauhesabu kuwa ni mkakati wa mapafu pia, hata kama wengine wanautazama kama suala la misitu tu. Faida yake kwenye saratani, ikiwepo, itaonekana wakati wewe una mvi.

Na sigara zetu? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta Watanzania wazima wanaotumia tumbaku kwa namna yoyote hawafiki 9 kati ya 100, wanaume wapatao 15 kati ya 100, wanawake 3. Ni wachache ukilinganisha na Ulaya ya miaka ya hamsini, ambako katika nchi nyingi zaidi ya nusu ya wanaume walivuta. Ndiyo sababu kubwa ya weupe wa ramani. Hofu yangu ni kwamba sisi bado tuko mwanzoni mwa mstari. Vijana wa leo wenye sigara na shisha vibarazani pale mjini hawatakuwa kwenye ramani ya mwaka kesho. Watakuwa kwenye ya 2055, na wakati huo wazee watakuwa wengi kuliko sasa. Nchi hii ilikuwa na watu milioni 12 na kidogo kwenye sensa ya 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu milioni 62, na watu wanaishi muda mrefu zaidi. Hata hatari ya mtu mmoja mmoja isipoongezeka hata chembe, idadi ya misiba itaongezeka. Ongeza mashine za CT ambazo zamani hazikuwepo. Wazee wako hawajadanganya kuona ugonjwa umezidi. Sehemu ya kuzidi huko ni kwamba sasa unaonekana na una jina.

Hao watatu wa mtaani. Nakuomba ufanye upelelezi mdogo kabla ya kuandamana. Uliza kila familia, kwa upole, saratani ilianzia wapi. Mapafu ni mahali ambapo saratani nyingi huhamia: ya titi, ya utumbo, ya tezi dume, ya shingo ya kizazi. Mgonjwa anakufa kwa kukosa pumzi, eksirei imejaa madoa, na majirani wanasema saratani ya mapafu. Kama mmoja ilianzia titi, wa pili koo, na wa tatu ndiye baba mkubwa, huna kundi la vifo lenye chanzo kimoja; una saratani tatu tofauti zilizopiga mtaa mmoja, na kwa jinsi saratani zilivyo nyingi jambo hilo hutokea sana kwa bahati mbaya tu. Kama wote watatu ilianzia mapafuni, tena ni wa aina moja, tena waliishi hapo miaka 15 au zaidi kabla ya kuugua, au walifanya kazi mahali pamoja, hapo nenda kwa mganga mkuu wa mkoa na majina yao na hizo taarifa. Hilo ni jambo la kuchunguzwa kwa dhati.

Nimebakiza lile lililonifanya nikae na barua yako muda mrefu: zile sigara mbili tatu za barazani. Usilipite haraka. Watafiti wa Uingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliochapisha matokeo yao mwaka 1950, walipotafuta London chanzo cha ugonjwa huu uliokuwa unapanda, Doll mwenyewe alishuku lami ya barabarani na moshi wa magari. Kila mtu huanza na kile anachokiona kikifuka. Katika wagonjwa wanaume 649 wa saratani ya mapafu, waliokuwa hawajawahi kuvuta walikuwa wawili tu. Na katika uvutaji, miaka ina nguvu kuliko idadi kwa siku: sigara tatu kwa siku kwa miaka 40 si kitu kidogo. Wanorway waliwafuata watu waliokuwa wakivuta sigara 1 hadi 4 tu kwa siku. Wanawake wa kundi hilo walikufa kwa saratani ya mapafu karibu mara tano ya wasiovuta, na kwa wanaume dalili ilielekea huko huko. Sisemi ndicho kilichomuua. Wapo wanaougua bila kugusa sigara maisha yao yote, na mimi nimewaona. Nasema usiifute kwenye orodha kwa sababu ilikuwa starehe ya heshima, na kama wewe au ndugu zako mmerithi baraza na pakiti yake, acheni. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa miaka 50 tangu 1951 walionyesha kwamba anayeacha akiwa na miaka 40 anarudishiwa karibu miaka 9 kati ya 10 ambayo sigara ingemnyang'anya, na anayeacha na 60 bado anapata 3.

Kwa walio hai hapo nyumbani: kikohozi kikifika wiki mbili, nendeni mkapime makohozi ya TB, hiyo ni sahihi. Lakini kipimo kikisema hakuna TB na kikohozi kikaendelea, au mtu amemaliza dawa za miezi sita na bado anakonda, msikubali kuanzishwa upya bila eksirei kutazamwa na daktari, na ikibidi rufaa ya kwenda kwenye CT. Uliza kwa sauti, kwa adabu: dokta, je, inaweza kuwa kitu kingine? Hakuna daktari mzuri atakayekasirika.

Mwisho, rudini Muhimbili mkaombe nakala ya majibu ya patholojia ya baba mkubwa. Ni haki yenu na kitakuwa karatasi moja. Humo mtaona kama kweli ilianzia mapafuni na ni ya aina gani. Kama aliajiriwa kwenye machimbo, bandarini, reli au popote penye asbesto au vumbi la mawe, karatasi hiyo pamoja na barua za ajira ndizo za kwenda nazo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kuuliza kama mnastahili, kwa hiyo msichelewe. Barua yako imenieleza alivuta nini na aliishi wapi, lakini hukuniambia alikuwa anafanya kazi gani kati ya 1980 na 2005. Ukiandika tena, anza na hilo.